Asilimia tano ya Seyyid Said

Tarehe 21 Septemba 1833, kule Maskati, Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, alitia muhuri mkataba wa vifungu tisa na Mmarekani mmoja anaitwa Edmund Roberts, na kila nikizidi kusoma habari za nchi yetu ndo nazidi kuamini kuwa yaliyotufika miaka ya 1880 na 1890 yalianzia mle. Wengi wetu hatujawahi kuvisoma vifungu vile. Skuli tumefundishwa kwamba Seyyid Said kaleta mikarafuu na kahamishia makao yake Unguja, halafu tukarushwa mpaka 1890 tukaambiwa Muingereza kaja kachukua himaya, basi. Hapo katikati pana karibu miaka sitini ya kusaini na kusainishwa, na mimi kwa kweli hapo ndo panaponikosesha usingizi, sababu dola yetu ilikuwa changa, ina hela, ina bandari, kila mkubwa anaitaka, na ilikuwa inajaribu kuishi baina yao bila kumezwa na mmoja wao.

Hebu tuone alikuwa amezungukwa na nani. Muingereza yuko Bombay na manowari zake, na tayari 1822 keshamsainisha Seyyid Said mkataba wa Moresby wa kukataza kuuza watumwa kwa mataifa ya Kikristo. Mfaransa kanyang'anywa kisiwa cha Mauritius mwaka 1810, kabakiwa na kisiwa cha Bourbon (Réunion ya leo), anatafuta bandari na watu wa kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa. Mombasa iko mikononi mwa ukoo wa Mazrui ambao hawataki kusikia habari ya Busaidi, ukoo wa Seyyid Said, na mwaka 1824 nahodha wa Kiingereza, Owen, alikuja akawapandishia Mazrui bendera ya Uingereza pale Mombasa, ikakaa kama miaka miwili mpaka London wenyewe wakasema hawaitaki wakaishusha. Fikiria wewe ndo Seyyid Said. Rafiki yako mkubwa, uliemsainia mkataba juzi tu, nahodha wake kaenda kumpa ulinzi adui yako. Ushajua tena kuwa rafiki mmoja hatoshi.

Ndo akatokea Roberts. Alikuwa mfanyabiashara wa Portsmouth, New Hampshire, alifika Unguja mwishoni mwa miaka ya 1820 kutafuta biashara na hakuyapenda masharti aliyoyakuta, akaonana na Seyyid Said wakasikilizana, akarudi kwao akaisukuma serikali ya Rais Andrew Jackson mpaka wakamtuma rasmi na manowari inaitwa Peacock. Safari hiyohiyo alipitia Siam (Thailand ya leo) akasaini nao mkataba Machi 1833, halafu ndo akaja Maskati.

Sasa vifungu. Cha kwanza kinasema amani ya daima baina ya Marekani na Seyyid Said na dola yake. Cha pili, Wamarekani wataingia bandari zake zote, watauza na kununua kwa bei wanayopatana wenyewe na watu, Sultani wala maofisa wake wasipange bei, isipokuwa bunduki, baruti na risasi zikifika kisiwa cha Unguja ziuzwe kwa serikali tu. Cha tatu ndo chenyewe: meli ya Marekani italipa ushuru usiozidi asilimia tano ya mali iliyoshushwa, na hiyo tano imemaliza kila kitu, ya kuingiza, ya kutoa, nanga, rubani, leseni, chochote kile. Mali iliyobaki melini hailipiwi. Cha sita, Mmarekani atakaa bandarini bila kodi nyengine yoyote zaidi ya ule ushuru wa kawaida wa taifa linalopendelewa kuliko yote. Na cha tisa kinaruhusu Marekani iweke balozi wake, na balozi huyo ndie atakaehukumu ugomvi baina ya Wamarekani wenyewe, Sultani hana mkono hapo.

Usome tena hicho cha kwanza na cha tatu kwa pamoja. Daima, na tano.

Sisemi kuwa Seyyid Said hakujua anachofanya, alijua sana, na nakasirika nikisikia watu wanavomsema kama mfanyabiashara aliyehadaiwa kwa shanga. Alichotaka alikipata na kikamtajirisha. Machi 1837 akafika balozi wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, mtu wa Salem, Massachusetts, akashikana na Jairam Shivji, Baniani aliyekuwa amekodi forodha yote ya Sultani, na biashara ikafunguka. Salem wakaleta ile nguo ngumu ya pamba ambayo mpaka leo bibi zetu wanaijua kwa jina la merikani, ikavuka Mrima, yani pwani ya bara, ikaenda mpaka Unyamwezi na kwenye maziwa ikawa inatumika kama pesa, na wao wakachukua sandarusi ya kutengenezea vanishi, ngozi, karafuu, na pembe za ndovu ambazo kule Connecticut walizikata kufanya vitana na vidude vyeupe vya piano. Kwa muda Wamarekani ndo walikuwa wakubwa wa biashara ya nje ya Unguja, Muingereza akiwa na manowari zake zote yuko nyuma.

Na hakukaa akingoja wageni tu. Mwaka 1840 akapeleka meli yake mwenyewe, Sultana, mpaka New York, na mjumbe wake Ahmad bin Na'aman, wakatia nanga tarehe 30 Aprili. Mji mzima ukatoka kuwatazama. Ndani mna tende, kahawa, karafuu, pembe, mazulia, ngozi, na zawadi za rais, wakiwemo farasi wawili wa Kiarabu. Rais wakati huo ni Martin Van Buren na sheria ya kwao ilimkataza kupokea zawadi kutoka kwa mfalme wa nje, mambo yakaenda mpaka bungeni kwao na mwisho farasi wakauzwa kwa mnada. Jeshi lao la majini likaitengeneza Sultana bila kumlipisha, ikarudi Agosti na mali ya kwao. Picha aliyochorwa Ahmad bin Na'aman kule ipo hadi leo kwenye makumbusho ya Salem. Mimi picha ile kila nikiiona naona mtu wa nchi yetu aliekwenda kwa wakubwa na bendera yake, na mali yake, na akapokewa kama mgeni wa heshima. Hatujafundisha watoto wetu hili vya kutosha, tunawaacha wadhani kuwa sisi tulikuwa wa kujiwa tu.

Turudi kwa wenye wivu. Muingereza aliposikia kuna mkataba na Marekani hakutulia, mapema 1834 ikaja manowari Imogene, nahodha Hart, kuuliza kulikoni. Seyyid Said akawakirimu. Miaka hiyohiyo akampa mfalme wa Uingereza zawadi ya manowari nzima ya mizinga 74, Liverpool, nao wakaibadilisha jina wakaiita Imaum. Halafu 1839 akasaini nao mkataba wa biashara, na ukiufananisha na wa Roberts unaona kuwa mtu huyu alikuwa anajifunza. Tano ni ileile, ubalozi ni uleule, lakini safari hii kaweka lake: pembe na sandarusi za Mrima, kuanzia Mtang'ata mpaka Kilwa, ni zake yeye na watu wake, Muingereza asikanyage kule kununua. Kwenye mkataba wa Marekani kitu hicho hakimo. Miaka sita tu baina yake, na keshaona wapi palivuja.

Mwaka 1841 akafika Hamerton, balozi wa Uingereza. Mwaka 1844 Wafaransa nao wakapata mkataba wao. Seyyid Said alifariki 1856 baharini akirudi kutoka Oman, na mwanawe Majid 1859 akasaini na miji ya Wajerumani, Hamburg, Bremen na Lübeck, ambao kampuni zao zilikuwa zinabeba kauri za pwani yetu kwenda kuzitumia kama pesa Afrika ya Magharibi. Kwa hivo kufika 1860 mjini Unguja kulikuwa na mabalozi wa Marekani, Uingereza, Ufaransa na Wajerumani, wote wana mlango sawa, wote wanachungana. Na kuchungana kwao kule ndo ilikuwa ngome yetu. Tarehe 10 Machi 1862 Uingereza na Ufaransa zikaahidiana kwa maandishi kuwa zitaheshimu uhuru wa Sultani wa Maskati na Sultani wa Zanzibar. Angalieni vizuri lakini, ziliahidiana zenyewe kwa zenyewe. Mwaka mmoja kabla, 1861, Canning aliyekuwa mkuu wa Uingereza kule India ndie aliyeamua ugomvi wa ndugu wawili, Thuwaini wa Maskati na Majid wa Unguja, akaugawa urithi wa baba yao mapande mawili na kusema Unguja iilipe Maskati reale 40,000 kila mwaka. Yani watoto wa Seyyid Said walishafika kwa hakimu ambae ni mmoja wa wale wanaotaka mali.

Hapa nataka niende Marekani kidogo, sababu nao walikuwa taifa changa na walikuwa na shida ileile kabisa. Mwaka 1778 wakiwa vitani na Muingereza walisaini na Ufaransa, mkataba wa biashara na mwengine wa kusaidiana vita, na bila Ufaransa sijui wangefika wapi. Lakini Ufaransa ilipoingia vitani na Uingereza 1793 wakajikuta wamefungwa na karatasi ya zamani. Washington akatangaza hawana upande. Akampeleka John Jay London, akasaini Novemba 1794 mkataba ambao watu wao waliuchukia mpaka wakachoma sanamu za Jay barabarani, baraza lao la Seneti likaupitisha kura 20 kwa 10, na likakikata kifungu kimoja, kile cha biashara ya visiwa vya West Indies kilichotaka meli zao zisizidi tani 70. Mwaka uliofuata wakasaini na Hispania wakapata njia ya mto Mississippi. Ufaransa ikaghadhibika ikaanza kukamata meli zao, wakapigana baharini miaka miwili bila vita kutangazwa, mpaka mapatano ya 1800 yakaumaliza ule urafiki wa 1778.

Walitokaje? Walikuwa mbali, bahari nzima katikati, hilo ni kubwa. Lakini pia walikuwa na kitu ambacho sisi hatukuwa nacho, mkataba kwao haukamiliki kwa muhuri wa mtu mmoja. Ulisomwa na watu wengine, wakaubishania, wakakata kifungu wakakirudisha. Kwetu ulikuwa muhuri wa Seyyid Said, na Seyyid Said alikuwa hodari, na alipoondoka uhodari ukaondoka nae, tano ikabaki.

Tano ikaja kuuma zama za Barghash, mtoto mwengine wa Seyyid Said aliyekuwa Sultani baada ya Majid. Vita vya wenyewe kwa wenyewe kule Marekani, 1861 mpaka 1865, viliivunja ile biashara ya merikani, nguo za Uingereza na India zikajaza pengo, na Wamarekani hawakurudi tena pale walipokuwa. Kwa hivo rafiki tuliyemfungulia mlango wa kwanza kapungua nguvu, lakini bei ya mlango ni ileile kwa wote walioingia baada yake. Barghash alikuwa na mipango, alileta maji ya mfereji kutoka Chemchem mpaka mjini, akajenga Beit al-Ajaib, akanunua meli za stima, akaanzisha jeshi mwaka 1877 chini ya Mathews, ofisa wa Kiingereza. Yote haya hela. Na mali ya kigeni ikishuka Forodhani inalipa tano, ukitaka kupandisha lazima uwaombe wote, na kila mmoja anasubiri mwenzake akubali mwanzo.

Kwa hivo akamuliwe nani? Mimi mtu wa Wete, Pemba, jibu nalijua bila kufungua kitabu. Mgeni hatozwi zaidi, basi anabaki mwenye shamba. Mpaka zama za himaya karafuu ilikuwa inatozwa asilimia 25. Nguo kutoka Manchester tano, karafuu ya mtu wa Pemba, aliyepanda, akapalilia, akapanda juu ya mti kuchuma, akaanika juani, ishirini na tano. Nikiliwaza hili moyo wangu unawaka kweli, sababu umasikini wa Pemba watu wanauzungumza kama kwamba umetoka mbinguni.

Halafu kile kifungu cha tisa, cha balozi kuhukumu watu wake. Mwanzo kilikuwa cha Wamarekani wachache wa Salem, watu wa kuhesabu. Lakini Muingereza alipokuwa nacho yeye, raia wake hawakuwa wachache, walikuwa ni Wahindi wote wa mjini, na miaka ilivokwenda hata wale wa Kutch kule India, kwao Jairam Shivji, wakahesabiwa wako chini ya ubalozi. Yani mtu anaekusanya ushuru wa Sultani, na anaemkopesha Sultani, hakimu wake ni balozi wa nchi nyengine.

Aprili 1872 kikaja kile kimbunga kikubwa, kikaing'oa mikarafuu ya Unguja na kuzamisha meli za Sultani, Pemba ikanusurika. Januari ya mwaka uliofuata, katika hali hiyo, akafika Bartle Frere kutoka London kutaka biashara ya utumwa wa baharini ifungwe kabisa. Barghash alikataa, wakatishia kuifunga bandari kwa manowari, akasaini tarehe 5 Juni 1873, na soko la Mkunazini likafungwa. Hapa sitaki mtu anielewe vibaya. Soko lile lilikuwa dhulma, na kufungwa kwake ni haki, ingefaa lifungwe zamani na sisi wenyewe bila kungoja manowari ya mtu. Wale waliouzwa pale ni watu, na utajiri wote huu ninaousifu hapa juu, karafuu, pembe zilizobebwa mabegani kutoka bara, umepita migongoni mwao, na katika mkataba hata mmoja hawakuulizwa kitu. Nnachosema ni kuwa siku ile kila mtu aliona kuwa Sultani akibanwa na mmoja, wale wengine hawaji. Marekani haikuja. Ufaransa, imetoka kupigwa na Wajerumani 1871, haikuja.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Mwisho wa 1884 Carl Peters akapita Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami akisainisha machifu karatasi za Kijerumani. Barghash akalalamika, Agosti 1885 manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya kasri lake. Mwaka 1886 ikaundwa kamati ya kupima mipaka ya dola yake, Muingereza ndani yake ni Kitchener, yuko Mjerumani, yuko Mfaransa, Barghash mwenyewe hana kiti. Wakampa ukanda wa maili kumi pwani. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza ikampa Mjerumani kisiwa cha Heligoland, Mjerumani akaiachia Uingereza Unguja na Pemba. Na ile ahadi ya 1862 na Ufaransa? Agosti 1890 Ufaransa ikakubali himaya ya Uingereza juu yetu na Uingereza ikakubali himaya ya Ufaransa juu ya Madagascar. Ngome yetu ilikuwa ni ule ushindani wao, siku walipopatana ngome haipo.

Mkataba wa Roberts wenyewe ulikuwa bado uko hai. Ile haki ya balozi wa Marekani kuhukumu watu wake Zanzibar iliondolewa mwaka 1905, kwa mapatano baina ya Marekani na Uingereza. Aliyeutia muhuri ni Sultani wetu, waliopunguza ni watu wengine.

Mtu ataniuliza haya ya nini leo, mambo ya nje na ushuru wa forodha yote yamo kwenye orodha ya Muungano, sisi visiwani hatusaini. Ni kweli, lakini tano za leo bado zipo na zinatufika hukuhuku. Mwaka 2016 Jumuiya ya Afrika Mashariki iliwekewa mezani mkataba wa ubia wa uchumi na Ulaya, ule wa EPA, wa kufuta ushuru kwenye asilimia 82.6 ya bidhaa zinazotoka kwao, kidogokidogo kwa miaka 25, na ndani mna kifungu cha taifa linalopendelewa, yani ukija kumpa mwengine mkubwa nafuu zaidi na Ulaya nao waipate. Kilekile cha 1833. Kenya na Rwanda wakasaini Septemba mwaka ule. Tanzania ikakataa kwa hoja ya viwanda vichanga na mapato ya forodha, na Bunge likaujadili Novemba likasema tusisaini. Kenya ikaenda peke yake, ikasaini wake Disemba 2023, umeanza kufanya kazi Julai 2024.

Mimi naona tulifanya sawa, na nasema hivo nikijua kuwa kuna wafanyabiashara wenzangu wanaona tumejifungia soko. Kilichonifurahisha zaidi ni kuwa karatasi ilisomwa na watu wengi kabla ya kutiwa saini, watu wakabishana hadharani, profesa huku mbunge kule. Sasa nataka na ile ya bandari, ya gesi, ya visiwa vidogo vinavyokodishwa kwa ajili ya mahoteli isomwe vilevile, kwenye Baraza letu la Wawakilishi Chukwani, kifungu kwa kifungu, kabla haijasainiwa, na sisi wa Wete na Mkoani tuipate kwa Kiswahili. Kama mnaonisoma kuna anaemjua mwakilishi wake, mpelekeeni hili.